Mama Nayef Mlangoni kwa Tahani

Rasmiyya, ambaye kijiji kizima cha Khirbet al-Luz kilimwita Mama Nayef, alikuwa na kazi mbili, na zote mbili zilihitaji maji ya moto na vitambaa safi. Ya kwanza ilikuwa ukunga. Hiyo aliisomea mjini miezi kumi na minane, akarudi na cheti na mkoba mweusi wenye kipimo cha presha ndani. Ya pili ilikuwa kuosha maiti za wanawake. Hiyo hakuisomea popote. Aliirithi kwa mama mkwe wake, kama mtu anavyorithi sufuria kubwa ambayo hakuna mwingine anayetaka kuisugua.

"Mama Nayef anatupokea, na Mama Nayef anatusindikiza," wanawake walitaniana kliniki wakingoja zamu. "Hapo katikati anatugombeza."

Na kugombeza alijua. Mjamzito aliyekosa kliniki mwezi mmoja alipokelewa kwa maneno mbele ya wenzake wote. "Kondoo wa mzee Dhiab wanapimwa na daktari wa mifugo kila mwezi," alimwambia huku akimfunga kipimo mkononi. "Wewe mtoto wa watu unakuja unapojisikia. Basi nikuhamishie kwa mzee Dhiab?" Wenzake wakacheka, mwenyewe akacheka, na mwezi uliofuata akafika wa kwanza. Hakuna aliyemwekea kinyongo, kwa sababu mwanamke huyohuyo mwenye ulimi mkali angevuka bonde zima kwa miguu katika matope ya Januari ili amguse mtu tumbo tu, kisha akatae hata chai.

Mumewe alikufa mapema. Mwanawe Nayef alikwenda kufanya kazi Ghuba, akaoa hukohuko. Rasmiyya alibaki na nyumba ya vyumba viwili, mti mmoja wa mlozi uani, na wanawake wa kijiji.

Shida ni kwamba kazi zake mbili hazikupatana. Kwetu mwanamke akijifungua hukaa arobaini ndani, na siku hizo mlango wake haupitwi ovyo. Mtu aliyetoka msibani, na hasa aliyegusa maiti, haingii chumbani kwa mzazi mpaka mwezi mpya uandame. Akiingia, husemwa amemfunga: maziwa yatakauka na mtoto atanyauka. Ipo njia moja ya kukwepa. Mzazi mwenyewe ainuke, atoke, amkute mgeni kizingitini, na hapo inakuwa si mgeni aliyemjia bali ni yeye aliyemwendea mgeni. Ukiuliza tofauti iko wapi utaambiwa wewe hujazaa.

Mwalimu wao kule mjini, mwanamke wa miwani na haraka nyingi, aliwaambia kwamba hayo ni upuuzi mtupu. Rasmiyya aliandika daftarini "upuuzi", akapigia mstari. Aliporudi kijijini aliendelea kusimama mlangoni kama kawaida. Si kwamba aliamini, wala si kwamba hakuamini. Alikuwa amewaona watoto wakinyauka, na hakuna aliyewahi kumpa sababu iliyomtosha. Zaidi ya hayo mambo yalikuwa yakienda. Kila alipotoka kuosha maiti, mzazi alitoka kizingitini na shuka yake mabegani, akaketi kwenye kiti cha plastiki, akapimwa pale pale mlangoni mbele ya kuku. Miaka ishirini na miwili alifanya hivyo na hakuna aliyedhurika.

Tahani, mke wa Muin fundi mawe, alikuja kijijini kama bi harusi akiwa na miaka ishirini. Alikuwa msichana wa kucheka sana, mwenye meno ya mbele yaliyoachana, na ndani ya mwaka mmoja akapata mtoto wa kiume. Siku ya kumi na mbili jirani mmoja aliyetoka kuzika kaka yake aliingia chumbani kumpongeza bila kufikiri, akakaa kitandani, akambusu. Siku ya kumi na tano maziwa yalipungua. Siku ya kumi na tisa mtoto alikufa. Rasmiyya alijua mtoto yule alikuwa na homa ya kifua tangu wiki ya kwanza na hakuwa ananyonya vizuri, na alisema hivyo, lakini hakuna aliyemsikiliza. Mama yake Muin, Hajja Sabha, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu, alimzika mjukuu wake akaapa kwamba safari nyingine mlango ule ataulinda mwenyewe.

Tahani alipopata mimba ya pili walificha mpaka mwezi wa tano. Hata kliniki alikuja kwa kujifanya anachukua dawa ya mafua.

"Mafua ya wapi haya yenye miguu?" Rasmiyya alimwuliza akimgusa tumbo, na mtoto akapiga teke. Tahani alicheka hadi akalia, kisha akaendelea kulia peke yake, na Rasmiyya akafunga mlango ili wengine wasisikie.

"Mama Nayef, huyu nitakaa naye?"

"Utakaa naye mpaka akuchoshe. Atakuvunjia vikombe vyote."

"Avunje tu," Tahani alisema. "Wallahi nitamnunulia vingine avunje."

Mimba ilikwenda salama mpaka mwezi wa mwisho, presha ilipoanza kupanda kidogo na vifundo vya miguu kuvimba. Rasmiyya alimkataza achari na zeituni za chumvi.

"Niache zeituni? Bora uniambie niache kupumua."

"Pumua. Zeituni acha. Na kichwa kikikuuma, au ukiona nyota mbele ya macho mchana kweupe, usimngoje mtu. Uniite hata kama niko chooni." Alimwambia hivyo mara tatu, na mara ya tatu Tahani aliyarudia maneno yote kwa kumwigiza sauti, mpaka na lile la choo.

Alijifungua Jumanne katika hospitali ya mjini, mtoto wa kike mwenye kilo tatu, wakamwita Bisan. Mwaka ule barabara zilikuwa zikifungwa na jeshi kwa malundo ya udongo na kufunguliwa bila taarifa, na vitanda vilikuwa haba, kwa hiyo Jumatano asubuhi akapewa ruhusa arudi nyumbani maadamu njia ilikuwa wazi. Kwenye karatasi yake waliandika kwamba presha iko juu kidogo, mkunga wa kijiji aifuatilie ndani ya siku tatu. Muin alimletea Rasmiyya karatasi ile mwenyewe, pamoja na bakuli la uji wa kisibiti wenye lozi juu. Rasmiyya alikula uji, akasoma karatasi, akaiweka mkobani. Angekwenda Ijumaa.

Ijumaa alfajiri akafa Bibi Fidda, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, mwanamke wa miaka tisini na ushei aliyekuwa amejinunulia sanda yake miaka kumi kabla. Hakukuwa na mwosha mwingine wa kike kijijini. Rasmiyya alimwosha kwa upole, akamfunga, akamlilia kidogo maana walikuwa wamezoeana. Wanaume walipomchukua kwenda kumzika baada ya sala ya Ijumaa, alirudi nyumbani, akaoga kutoka kichwani hadi miguuni, akavaa nguo nyingine, akachukua mkoba ambao haukuwa umetoka nyumbani siku ile, akapanda mtaa wa juu kwa akina Muin.

Hajja Sabha alikuwa ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wa chumba cha mzazi, anachambua dengu. Alimwona, na mkono wake ukasimama kwenye sinia.

"Karibu, Mama Nayef. Karibu uani."

"Nimekuja kumwona binti yetu."

"Umemwosha Fidda, Mungu amrehemu."

"Nimemwosha. Nimeoga, nimebadili nguo, na mkoba huu haukukanyaga msibani. Sitaingia, Hajja, nakujua. Mwambie atoke hapa kizingitini kama wanavyotoka wenzake. Dakika mbili tu."

Hajja Sabha aligeuza shingo, akaita ndani. Sauti iliyojibu ilikuwa ya Ibtihal, dada yake Muin, mwalimu wa darasa la tatu, ambaye alikuwa amekaa na wifi yake. "Anasema hawezi kusimama, mama. Kichwa."

"Kichwa kinafanyaje?" Rasmiyya aliuliza.

Ibtihal alifungua mlango kiasi cha uso. "Kinamgonga tangu asubuhi. Ametaka nifunge madirisha, mwanga unamuumiza macho."

Rasmiyya alilisikia hilo. Naliandika wazi kwa sababu yeye mwenyewe baadaye hakujificha nyuma ya kutosikia. Alisikia kichwa, akasikia mwanga.

"Hajja," alisema, "ngoja nimpime. Huyu presha yake haikuwa nzuri."

"Utampima. Mwezi unaandama Jumatano."

"Jumatano mbali."

"Mama Nayef." Hajja Sabha aliweka sinia chini. Hakupaza sauti, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumjibu. "Wewe ulikuwepo. Yule wa kwanza ulimshika mikononi mwako amekauka kama kuni. Mimi ndiye niliyemfunika uso. Maziwa ya huyu yameshuka jana tu, mtoto ananyonya mpaka anakoroma. Nakuomba kwa haki ya chumvi tuliyokula, usiniingilie na maiti ndani ya nyumba yangu."

"Basi Ibtihal achukue kipimo, nimwelekeze kutoka hapa."

"Mimi?" Ibtihal alisema. "Nitaminya kitu nisichokijua nimuue bure."

Kisha sauti ya Tahani ikatoka gizani, nyembamba, ya mtu aliyelala na kitambaa machoni. "Mama Nayef, usigombane na mama. Ni usingizi tu. Huyu mtoto ameniamsha usiku kucha. Njoo kesho, nitatoka. Kesho nitatoka, haki ya Mungu."

"Unaona nyota?"

"Naona giza tu, nimejifunika," alisema, na akacheka.

Kilikuwa kicheko chake kilekile, na ndicho kilichomponza Rasmiyya. Mtu anayecheka hafi, alijiambia. Alisimama juani pale mlangoni, mkoba begani, hatua nne kutoka kitandani. Angeweza kumsukuma yule mama wa magoti mabovu kwa mkono mmoja. Lakini alifikiria wiki mbili mbele, mtoto akipata kuhara au kifua, na kijiji kizima kikimnyooshea kidole: ni yeye, aliingia na maiti. Alifikiria wanawake wakimfungia milango, mmoja baada ya mwingine. Na chini kabisa, mahali ambapo hakuna cheti kilichowahi kufika, aliogopa kwamba pengine ni kweli, na kwamba mikono yake ilikuwa bado na kitu cha Bibi Fidda ndani yake.

"Kama kichwa hakijapoa kabla ya magharibi mniite," alisema. "Na mumtafute mwenye gari, awe tayari kumpeleka mjini. Mmesikia?"

"Tumesikia, mwanangu. Mungu akulipe," alisema Hajja Sabha, akamwombea dua ndefu, akampa mikate mitatu ya moto aende nayo.

Magharibi hakuna aliyekuja kumwita. Rasmiyya alitoka barazani mara mbili akatazama mtaa wa juu. Taa zilikuwa zinawaka, hakukuwa na kelele. Akajipa moyo. Alipasha dengu, akala na mkate wa Hajja Sabha, akalala. Barabara jioni ile ilikuwa wazi. Malori ya mawe yalikuwa yakipita mpaka saa tatu usiku.

Asubuhi, jua likiwa limeshachomoza, Ibtihal alishuka mtaa mbio bila kitambaa kichwani, mwalimu mzima. Rasmiyya alipanda ule mlima na mkoba wake akaingia chumbani moja kwa moja, na safari hii hakuna aliyekaa mlangoni. Tahani alikuwa sakafuni, mwili umekakamaa, povu lenye damu mdomoni maana alikuwa amejiuma ulimi. Hajja Sabha alimshika kichwa akisoma na kulia. Mtoto alikuwa kitandani, amelala kwa amani.

Degedege lilipomwachia Rasmiyya alimfunga kipimo. Mia moja tisini juu, mia moja ishirini chini. Kilikuwa kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kumpiga mwanamke hata akishajifungua, na Rasmiyya alikijua kama anavyoijua njia ya kwenda kisimani. Dawa yake haikuwepo kliniki. Ilikuwepo hospitali.

Usiku ule, sijui saa ngapi, jeshi lilikuwa limerudisha lundo la udongo kwenye njia panda. Gari la jirani lilifika hapo likasimama. Muin alishuka na mikono juu, akapiga kelele kwamba kuna mgonjwa, askari wakamwambia angoje. Walingoja saa moja na nusu. Rasmiyya alikaa nyuma ya gari na kichwa cha Tahani mapajani, akamgeuza ubavu kila degedege lilipokuja, akamfuta mdomo kwa ncha ya shela yake. Lilikuja mara tatu. Mwishowe waliruhusiwa kumbeba kwa blanketi juu ya udongo, na gari la wagonjwa lilikuwa limekwisha kufika upande wa pili. Tahani alikufa kabla ya adhuhuri, mlangoni mwa chumba cha wagonjwa mahututi, bila kufumbua macho.

Walimrudisha alasiri. Rasmiyya ndiye aliyemwosha, nani mwingine angemwosha? Hajja Sabha alimmiminia maji. Walipofika kifuani maziwa yalikuwa bado yanatoka. Wanawake hao wawili waliendelea kumwaga maji na maziwa yakaendelea kutoka, na hakuna aliyemtazama mwenzake. Rasmiyya alikunja kitambaa cha pamba mara nne, akakifunga kifuani kwa nguvu, ndipo wakamvika sanda. Nimewahi kuwasikia watu wakisema mwosha maiti huzoea. Basi wakamwulize yeye.

Siku tatu za msiba kila aliyekuja alisema jambo moja: lundo lile ndilo lililomwua. Wanaume walisema hivyo wakinywa kahawa chungu, na wanawake walisema hivyo ndani wakiwa wamepakata watoto. Akaja daktari kutoka mjini na fomu yake, anaandika habari za wanawake waliokufa njiani. Alimwuliza Rasmiyya saa ya degedege la kwanza, saa ya kufika njia panda, saa ya kuruhusiwa. Rasmiyya alimjibu kila kitu kwa dakika. Daktari hakuuliza habari za Ijumaa. Alishukuru, akasema ushahidi wake ni muhimu sana, akaondoka.

Na haukuwa uongo. Saa moja na nusu ile iliiba uhai wa mtu, na aliyeiba anajulikana. Lakini Rasmiyya alijua hesabu nyingine ambayo fomu haikuwa na mahali pa kuiandika: kuanzia Ijumaa alasiri mpaka usiku, njia ilikuwa nyeupe. Hakulala vizuri tena. Alipunguza kuwagombeza wanawake kliniki kidogo kidogo, kisha akaacha kabisa, na wao wakadhani anaumwa.

Wiki ya tatu hakuweza kustahimili. Alipanda mtaa wa juu asubuhi moja Muin akiwa machimboni na Ibtihal shuleni, akamkuta Hajja Sabha amempakata Bisan, anamnywesha maziwa ya kopo kwa chupa.

"Hajja, nina neno."

"Sema, mwanangu."

"Si lundo peke yake." Alikuwa ameyapanga maneno njia nzima, yakamtoka yote kwa mkupuo. "Ijumaa nilijua. Aliposema mwanga unamuumiza, nilijua ni nini. Tulifundishwa. Kipimo kilikuwa mkobani. Ningempima ningeona, ningemtia garini saa ileile, na njia ilikuwa wazi. Angekuwepo hapa. Nilijua, Hajja, nikageuza mgongo nikaenda kula dengu."

Chupa ilikuwa imetoka mdomoni mwa mtoto, Hajja Sabha akairudisha. Rasmiyya alingoja kutukanwa. Alikuwa amekuja kwa ajili hiyo.

"Muin umemwambia?"

"Bado. Nimeona nianze na wewe. Jioni nitamwambia."

"Usimwambie."

"Ni haki yake kujua, Hajja."

"Haki yake." Mama yule alimtazama kwa mara ya kwanza, na macho yake yalikuwa mekundu kabisa. "Ukimwambia ulisimama mlangoni, atauliza mlangoni alikaa nani. Wewe utasema. Huwezi kusema nusu. Mwanangu anaondoka saa kumi na moja asubuhi, anarudi ana vumbi la mawe mpaka kwenye kope, anakula chakula changu. Ibtihal ameposwa, anaolewa baada ya mavuno ya zeituni. Nitabaki mimi na huyu. Muin akijua, atanichukia, na atakuwa na haki. Halafu nani amlee huyu? Niambie, wewe mwenye cheti. Nani?"

Rasmiyya alimtazama Bisan.

"Unadhani nalala?" Hajja Sabha aliendelea, na sauti ikaanza kumkatika. "Kila nikifumba macho naisikia ile sauti, 'usigombane na mama'. Alikuwa ananitetea. Kichwa kinapasuka na anamtetea mama mkwe. Nilimpenda kuliko niliowazaa mwenyewe, na nikamkalia mlango mpaka akafa. Wewe unataka kutua mzigo wako. Utautua wapi ila juu ya kichwa cha huyu mtoto? Ubebe. Mimi nabeba wangu. Ubebe, Mama Nayef, mpaka akue."

Rasmiyya alilia, wakalia wote wawili, na Bisan naye akaamka akawafuata. Ilibidi mmoja wao aache kulia ili ambembeleze mtoto, na Hajja Sabha ndiye aliyeacha.

Kwa hiyo hakumwambia. Kitu alichoweza kufanya alikifanya. Alikwenda kwa imamu na kwa wakubwa wa koo, akawaambia wamtafute mwosha mwingine, kwamba Tahani alikuwa wa mwisho. Walimsihi sana, wakasema thawabu, wakasema nani atawafaa. Alisema mikono yake anaitaka kwa walio hai. Wengine walinuna, na binti mmoja ambaye mama yake alifariki mwezi uleule akaoshwa na mtu wa kijiji cha pili hakumsalimia tena. Rasmiyya aliyapokea hayo.

Arobaini ya uzazi ilifika siku nne kabla ya arobaini ya msiba. Siku hiyo Muin mwenyewe alimleta Bisan kliniki kupimwa uzito. Ilikuwa ajabu kumwona mwanamume peke yake kwenye kile chumba cha kungojea, amevaa shati safi, amempakata mtoto kwa mikono miwili iliyokakamaa kama amebeba kioo cha dirisha. Wanawake walimpisha wote aingie kwanza.

Bisan alikuwa na kilo nne na gramu mia mbili. Alikuwa amenenepa mashavu, na alipovuliwa nguo alimtazama Rasmiyya bila kulia. Rasmiyya aliandika uzito kwenye kadi. Kisha akaweka kalamu chini.

"Anaendelea vizuri," alisema. "Mwambie Hajja asiongeze sukari kwenye chupa."

"Nitamwambia." Muin hakuinuka. Alitoa chini ya kiti mfuko aliokuja nao, akauweka mezani. Ndani kulikuwa na kitambaa cha gauni, cheusi chenye uzi mwekundu, cha bei, kile ambacho kwetu mkunga huletewa arobaini inapotimia. "Ni haki yako. Tahani alikichagua mwenyewe mimba ikiwa na miezi minane. Alisema ikipita arobaini na mtoto yuko hai, Mama Nayef ashone hiki avae harusini kwa Ibtihal."

"Muin, mwanangu, siwezi kukipokea hiki."

"Utakipokea." Alikuwa mtu wa maneno machache, na haya ilionekana ameyabeba kwa siku nyingi. "Mama amenisimulia. Jinsi ulivyokuja Ijumaa ile umetoka kumwosha Bibi Fidda, ukasimama nje juani na mkoba wako, ukakataa kuvuka kizingiti usije ukayafunga maziwa ya mke wangu. Sikuwahi kukushukuru. Watu siku hizi hawajali. Angekuwa mtu mwingine, Mama Nayef, angeingia tu."

Rasmiyya alikivuta kile kitambaa kwake, akakiweka mapajani, akakishika kwa mikono yote miwili.

"Ndiyo," alisema. "Mtu mwingine angeingia."